Damu bandia ya chupa: nzuri kwa picha, si salama kwa kila rangi

Damu hii bandia, iliyotengenezwa kwa sharubati nzito ya sukari na rangi ya chakula, nimeitumia kupigia picha sanamu zangu ndogo za PVC (aina ya plastiki), na kwa mwonekano sina lawama: huning'inia kwenye ncha ya upanga bila kudondoka mpaka picha ipatikane. Kibandiko cha chupa kinadai kwamba haiachi doa, dai ambalo ni kweli nusu tu. Kwenye sehemu zinazong'aa ilitoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Kwenye nywele nyeupe za sanamu zisizong'aa, nilikoisahau nikihangaika na taa, ulibaki wekundu hafifu ndani ya mikunjo ambayo kijiti cha pamba hakikuifikia. Asetoni, kiyeyushi kinachotumika kuondoa rangi ya kucha, sikuthubutu kuitumia, kwa kuwa ingeondoa doa pamoja na rangi yenyewe. Tangu hapo mimi huijaribu kwanza chini ya unyayo wa sanamu, huipaka juu ya kipande cha plastiki angavu kilichokatwa kwa umbo la jeraha, na huifuta kabla haijakauka. Viungo vya sanamu vinavyokunjika sivipaki kabisa, maana sukari ikikaukia humo hunata.