Godoro la upepo kwa majeruhi asiyeweza kujigeuza: uzoefu wangu, Dodoma

Nimelitumia godoro hili miezi mitatu, wiki saba wodini hapa Dodoma na zilizobaki nyumbani Nkuhungu, kwa ndugu aliyevunjika nyonga na paja katika ajali ya bodaboda. Ningelinunua tena bila kusita. Lakini wengi wanaolinunua wanalitumia vibaya, na mgonjwa anapata vidonda huku pampu inanguruma.

Langu ni la mapovu: karatasi nene ya PVC (aina ya plastiki) yenye mapovu kama 130, pampu ndogo ya umeme na mipira miwili ya kupitisha hewa. Mapovu yamegawanyika makundi mawili. Kundi moja likijaa, jingine linanywea, na zamu inageuka kila baada ya dakika 10 hadi 12, ili ngozi iliyo juu ya mfupa isikandamizwe sehemu ileile mpaka damu ishindwe kupita. Lipo pia la mirija, yaani mirija minene iliyolala kwa upana wa kitanda. Hilo lina bei kubwa zaidi, na ndilo la kutafuta kama mgonjwa ni mzito au tayari ana kidonda. Kwa mtu wa kilo 65 ambaye ngozi yake bado nzima, la mapovu limetosha.

Dukani usikubali kufungiwa boksi tu. Liwashwe palepale na likae dakika 25, uone makundi yote mawili yakipanda na kushuka. Pampu mbovu hujaza upande mmoja, na ukiangalia dakika tano huwezi kugundua. Tazama na plagi. Zipo zinazokuja na pini mbili, na soketi za ukutani kwetu nyingi ni za pini tatu, kwa hiyo beba adapta.

Kabla ya kulitandika, muulize daktari au muuguzi wa zamu. Aliyeumia uti wa mgongo ambao haujatulia halazwi juu ya kitu kinachopanda na kushuka bila daktari kuruhusu. Aliye kwenye traksheni, yaani mguu wake unavutwa kwa uzito ili mfupa ukae sawa, naye aulizwe kwanza kwa daktari, kwa sababu godoro likiinuka, mvuto wa mguu unaweza kubadilika.

Godoro la sponji la kitanda usilitoe. La upepo linakaa juu yake, mapovu yakitazama juu, mipira upande wa miguu, na ncha za godoro la upepo zinachomekwa chini ya sponji lisiteleze. Pampu inaning'inizwa kwenye chuma cha miguuni. Weka kitambaa kati yake na chuma, la sivyo mtetemo utawanyima usingizi wagonjwa wa jirani. Zungusha kitufe cha hewa cha pampu hadi mwisho, subiri kama dakika 20 lijae, ndipo mgonjwa alazwe. Juu yake shuka moja ya pamba, basi. Ukipanga makintoshi (shuka lisilopitisha maji), kanga mbili na blanketi lililokunjwa, umeiua kazi ya godoro. PVC yenyewe humtoa mgonjwa jasho, na kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba shuka hubadilishwa kila inapolowa.

Hapa kwenye kitufe ndipo watu wengi wanapokosea. Wanakiacha mwisho wakidhani hewa nyingi ndiyo nafuu, kumbe godoro linakuwa gumu kama ubao. Punguza kufuata uzito wa mgonjwa, subiri nusu saa, kisha ingiza mkono kati ya sponji na godoro la upepo, chini kabisa ya kitako, kiganja kikitazama juu. Ukihisi mfupa unakulalia, hewa ni kidogo. Kati ya kitako na mkono wako ibaki nafasi ya hewa ya sentimita 2 au 3. Akiinuliwa kula, uzito wote hushukia kitakoni, kwa hiyo ongeza hewa, na akilala rudisha. Kichwa cha kitanda kisikae juu ya nyuzi 30 muda mrefu, maana mwili huteleza na ngozi huvutwa.

Kugeuza kuko palepale: kila saa mbili, usiku na mchana, kwa namna daktari aliyoruhusu kulingana na mvunjiko. Visigino godoro haliviokoi. Weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kielee hewani kabisa. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino hazisaidii, ziache. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu: tafuta sehemu yenye weusi zaidi ya ngozi ya jirani yake, yenye joto, ngumu au inayobonyea. Ukiipata usiichue kwa mafuta wala spiriti. Mgonjwa asiilalie, na muuguzi aambiwe siku hiyohiyo.

Umeme haukugharimu sana. Pampu yangu ni ya wati 7, kwa hiyo kwa mwezi mzima inakula kama uniti 5 za LUKU. Shida ni ukikatika. Pampu haina betri, na hewa hurudi kupitia mipira. Chomoa mipira kwenye pampu, ikunje na uibane kwa mpira wa kufungia, huku ukijua kwamba kundi moja tu ndilo limejaa, hivyo mgeuze mgonjwa mara nyingi zaidi mpaka urudi. Vumbi letu la kiangazi nalo huziba kisponji cha nyuma ya pampu. Kioshe kila wiki na kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Godoro likinywea ghafla, anza kuangalia kama gurudumu la kitanda limekanyaga mpira wa hewa.

Matundu huletwa na kisu cha kumenyea matunda, pini za nguo na ncha za vyuma vinavyoshikilia mfupa kwa nje ya ngozi, ambazo ni vizuri kuzifunika. Paka povu la sabuni uone linapobubujika, kausha, safisha, bandika kiraka cha PVC kinachokuja na godoro na ukiache hadi kesho yake. Kiraka cha fundi baiskeli na solusheni yake havishiki kwenye PVC. Vitabanduka mgonjwa akishalala.