Darasa la Kiingereza la jioni Chikongola: kitenzi kimoja usiku mzima, na hela yangu sidai

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi hamfiki chini: nendeni. Kama upo Mtwara mjini na Kiingereza chako kinakukwamisha kazini, hili darasa linafaa, kwa elfu 40 kwa mwezi sijaona pengine panapokupa hivi. Kuna vitu vya kulalamikia na nitavisema, tena vingine vinaudhi kwelikweli, ila kwenye ufundishaji wenyewe huyu ticha yupo vizuri.

Ni nyumba ya kawaida tu Chikongola, chumba cha mbele kimetolewa makochi yakawekwa mabenchi na ubao. Jina la sehemu silitaji kwa sababu hata bango hawana, ukifika maeneo yale uliza ticha wa jioni bodaboda wote wanamjua. Vipindi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, watu wakishatoka magharibi ndo wanaanza mpaka kama saa 2 na nusu hivi. Ticha mwenyewe ni mwalimu wa sekondari mstaafu, mzee wa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, ukiingia unampa shikamoo kwanza hata kama umekuja na bosi wako. Na ndani humo kuna kila aina ya mtu: karani wa tali wa bandarini (wale wanaohesabu mizigo), fundi spika, katekista, dada wa mapokezi wa hoteli moja kule Mikindani, vijana wa VETA, na mzee mmoja nahodha wa dau anavuka kutoka Msangamkuu, huyo huwa anaondoka mapema kuwahi kivuko.

Sasa nisifie darasa kwa maneno matupu hamtanielewa, acha niwape kipindi kimoja tu mpime wenyewe. Siku hiyo tumeingia ubaoni kuna neno moja, "impede". Basi. Mimi nikasema moyoni leo tumepigwa, tuisheni nyingine unapewa maneno hamsini kwa usiku mmoja na maana zake pembeni unaenda kukariri. Hapa moja. Tena maana yenyewe hajaandika, ameuliza tu nani analijua, kijana mmoja akasema ni kuzuia, ticha akamjibu "umekaribia lakini ukienda nalo hivyo bandarini utamtia mtu hasara", halafu akaendelea kufuta miwani yake.

Akaanza na asili. Neno limetoka Kilatini, impedire, ndani yake kuna mguu, pes au pedis, yaani hapo mwanzo ni kumfunga mtu miguu. Mtu akifungwa miguu kamba anaweza kusogea, ila kwa kuvuta vuta, hafiki kwa wakati. Mguu huohuo ndo uliopo kwenye pedeli ya baiskeli, hapo darasa zima likacheka maana pedeli tunaitaja kila siku hatujui imetoka wapi. Halafu akaandika chini yake "expedite", neno ambalo watu wa kliaringi, wanaotoa mizigo bandarini, wanalikuta kwenye makaratasi kila leo, akasema huyu ni ndugu yake wa tumbo moja: mmoja anafunga miguu, mwingine anaifungua mzigo uende haraka. Mimi hilo neno nimeliona kwenye barua miaka nenda rudi sikuwahi kujua lina mguu ndani.

Palipochangamka zaidi ni kwa fundi spika. Akanyoosha mkono, "Samahani ticha, hili si ndo lile la nyuma ya spika, impidansi, kile kipimo cha ohm 8?" Ticha akafurahi mpaka akakaa. Akamwambia hebu wewe sasa tufundishe, spika yenye ohm 8 inazuia umeme usipite? Fundi akasema hapana, ikizuia wote spika haitalia, inaubana tu, na ndo maana ukiunga spika ya ohm ndogo kwenye amplifaya isiyoiweza umeme unapita mwingi na mashine inaungua. Ticha akasema haya, maana ya kitenzi mmeshaipata kwa fundi, kubanwa bila kukatwa, kitu kinaendelea ila kwa shida. Akaongeza kwamba hilo jina la kwenye umeme alilibuni Muingereza mmoja, Oliver Heaviside, mwaka 1886, na kabla ya kuwa mwanasayansi wa kuheshimika alikuwa mtu wa telegrafu. Sasa hivi vitu vidogo vidogo ndo vinafanya maneno yakae kichwani, mimi ohm 8 nikiiona tu nakumbuka.

Halafu akaenda baharini, na hapa ndo utajua ticha amefanya kazi yake kabla ya kuja darasani maana amechagua mfano wa watu alionao. Kuna kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, zimeandikwa kwa Kiingereza na kila nahodha wa meli kubwa anazo. Kanuni ya 9 inahusu njia nyembamba. Inasema chombo cha chini ya mita 20, au cha tanga, "shall not impede" meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya ile njia. Wavuvi nao hivyohivyo. Na chombo kinachokatisha, kama kukatisha kwake kutaisumbua meli ya namna hiyo, kisikatishe. Sasa fikiria mlango wa bandari yetu ulivyo mwembamba, meli inakuja kubeba korosho, huku kuna mitumbwi, madau, na kivuko cha Msangamkuu kinakatisha. Mtumbwi hauna ubavu wa kuisimamisha meli, ila unaweza kuifanya ikate kona au ipunguze mwendo mahali ambapo haina nafasi ya kufanya hivyo, na hicho ndo kanuni inakataza. Ticha akasema na kanuni ya 8 inafafanua, ukiambiwa usi-impede maana yake uchukue hatua mapema uachie nafasi ya kutosha, usingoje meli imekufika puani.

Nahodha wetu wa dau alikuwa kimya muda wote, akasema tu "kumbe wameandika, sisi tunaambiwa kwa honi". Nilicheka sana. Ila baadaye akauliza swali la maana kuliko sisi wote, kama meli inakuja na dau limekosa upepo katikati ya njia nani mwenye kosa, na ticha hakujifanya anajua sheria, akamwambia hilo kamuulize mtu wa mamlaka mimi nafundisha lugha. Nilimheshimu hapo.

Karani wa tali ndo alikuwa amechokozwa tangu mwanzo na ile kauli ya hasara. Ticha akamwandikia sentensi mbili ubaoni, moja "Rain impeded loading", nyingine "Rain prevented loading". Ya kwanza: mvua ilitatiza upakiaji, kazi ilikuwa inakwenda kwa kusuasua. Ya pili: mvua imezuia, mifuniko imefungwa, magunia yamebaki ghalani, hakuna kilichopanda. Kwa mtu wa mtaani ni vilevile. Kwenye mkataba wa meli masaa ya kupakia yanahesabiwa, na kuna mikataba ambayo saa za mvua iliyosimamisha kazi hazihesabiwi, kwahiyo ukiandika kwenye ripoti kwamba mvua ili-impede, mwenye meli ana pa kushika, atakwambia si umeandika mwenyewe kwamba kazi ilikuwa inaendelea, lipia masaa. Karani alitoa simu akapiga picha ubao. Na mimi ningekuwa yeye ningepiga.

Sarufi alipita haraka lakini vizuri. "Prevent" inampenda mtu halafu "from", kama kumzuia mtu asiende. "Impede" inapenda kitu: safari, maendeleo, kazi, msafara, na ukimtaja mtu moja kwa moja na "from" sentensi inapinda. Barabara ikizibwa na lori lililoanguka kule njia ya Mingoyo hiyo ni "obstruct", kuna kitu kimekaa njiani unakiona kwa macho. Hapo hakukaa sana.

Katekista naye akaleta lake, "impediment" kwenye ndoa, kile kizuizi cha ndoa ambacho tangazo la kanisani linaomba mwenye kukijua aseme. Ticha akasema ni hilohilo likiwa jina, ila hapo kanisani limekaza, ndoa inaweza isifungwe kabisa, na ukikuta "speech impediment" ni kigugumizi au shida nyingine ya kutamka, mtu anaongea ila ulimi unamkwamia. Kwahiyo msishike maana moja mkaitembeza kila mahali, alisema.

Na "hinder" je, nalo la kukwamisha? Hapa ndo nina ugomvi kidogo na ticha. Sehemu ya kwanza alituburudisha. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Marko 4:38, Yesu amelala "in the hinder part of the ship", katekista akarukia palepale "katika shetri!", na nahodha akasema eeh, tezi hiyo, nyuma ya chombo. Hiyo "hinder" ya tezi inatamkwa "hainda", na ile ya kukwamisha inatamkwa "hinda", maandishi ni yaleyale na ukoo ni mmoja, kitu cha nyuma na kumrudisha mtu nyuma. Jina lake ni "hindrance", e imeliwa, watu wengi wanaiweka wanakosea. Dada wa mapokezi akasema neno hilo analiona kila akitoa kopi pasi za wageni wa Uingereza, "without let or hindrance", na siku zote "let" pale imemshangaza maana anajua "let" ni kuruhusu. Ticha akamwambia hiyo ni "let" ya zamani, maana yake kizuizi, iliyobaki ipo kwenye pasi hizo na kwenye tenisi mpira wa kuanzia ukigusa wavu. Dada alipiga meza.

Ugomvi wangu ni kwamba alisema "hinder" haikai na "from" hata siku moja. Si kweli. Nimeangalia kwenye kamusi za wanafunzi, "hinder somebody from doing something" ipo na mifano yake, haitumiki sana kama ile ya "prevent" lakini ipo. Nilimuonyesha kipindi kilichofuata akaangalia kwa muda, akasema mimi siipendi. Haya mzee. Ila mtu akienda kwenye mtihani akaikuta asiikate.

Na "hamper" hakuigusa kabisa, wakati ndo watu wanaikuta magazetini, mafuriko yame-hamper uokoaji, yaani yameukwamisha, na kadhalika. Mpaka leo kuna wenzangu wanajua "hampa" ni lile kapu la zawadi za Krismasi tu.

Sasa mabaya ya huduma. Umeme ukikatika hawana jenereta wala sola, mnafundishwa kwa tochi za simu, na ada hairudi. Fotokopi ni nyeusi upande mmoja, herufi za pembeni unabahatisha. Mwanzoni mwa mwezi watu wanajaa mpaka mlangoni kwa sababu anapokea kila anayelipa, mabenchi hayatoshi, wa mwisho anaandikia mapajani, halafu wakishachujika wenyewe wiki ya pili ndo mnapumua. Risiti usipodai hupewi, dai. Mbu usiseme. Lingine kubwa: kuongea ni kidogo mno. Tunaandika, tunachambua, tunacheka, ila kusimama ukaongea dakika tano kwa Kiingereza hakupo, na dada wa mapokezi hilo ndo alikuwa analihitaji kuliko yote. Ticha anapenda Kilatini kuliko anavyopenda mazungumzo, ndo ukweli.

Kwahiyo inategemea unaenda kutafuta nini. Unayetaka kuongea haraka kwa ajili ya intavyuu ya wiki ijayo, hapa utachelewa, tafuta mtu wa kupiga naye stori kila siku. Wewe unayeandika ripoti, barua, imeli za ofisini, mtu wa bandari, wa kliaringi, wa maghala ya korosho, wale wanaofanya na makampuni ya gesi kule Madimba na makaratasi yote yanakuja kwa Kiingereza, nenda ukakae pale miezi kadhaa. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita pia, ila mlipe ada nusu kwanza, anakubali ukimwambia kwa adabu.

Wanapokea watu wapya kila mwanzo wa mwezi, hakuna fomu, unakuja na daftari lako kubwa na kalamu. Fika kabla magharibi haijaadhiniwa uweke begi kwenye benchi la mbele, ukirudi kutoka kuswali nafasi unaikuta. Wa Msangamkuu muulizieni nahodha, yeye anajua kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi kwa siku husika.