RTL-SDR Blog V3: kipokezi kinachoshika masafa hata kikipata joto

Ubora wa kipokezi hiki cha redio, kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta, uko kwenye osileta yake ya TCXO (fuwele inayojirekebisha joto linapobadilika) ya MHz 28.8, yenye kosa la takriban sehemu 1 kwa milioni. Kwenye MHz 433.92 hiyo ni Hz 434 tu. Vya bei ya chini, vyenye fuwele ya kawaida, vikikosea sehemu 30 kwa milioni unapotea kwa kHz 13, na kosa lenyewe huhama kadiri fuwele inavyopata moto. Mawimbi yenye upana mdogo wa masafa hutoka nje ya kichungi cha programu ungali unasikiliza.

Ganda la alumini na pedi ya kupitisha joto si mapambo. Chipu ya R820T2, inayochagua masafa, ikichemka, PLL yake (sakiti inayoyashikilia masafa hayo) huweza kushindwa kushika masafa, hasa juu ya GHz 1.5. Ganda kuwa moto mkononi ni dalili njema, maana joto linatoka, usilifunike.

Udhaifu ni stesheni za FM zenye nguvu, ambazo hukilemea. Zima AGC (ukuzaji unaojirekebisha wenyewe), pandisha ukuzaji hatua kwa hatua mpaka kelele zianze kuinuka bila mawimbi kuongezeka, kisha rudi hatua moja. Isipotosha, funga kichungi cha kuzuia MHz 88–108 kati ya antena na kipokezi.