Uzoefu wangu na skela ya umeme ya meno ya mbwa na paka, Mtwara mjini

Skela ni mashine ya kukwangua ugaga, yaani uchafu mgumu uliogandia meno, kwa mtetemo wa ncha yake. Yangu ni ya kuweka mezani, aina ya piezo (mtetemo wake unatokana na umeme), kilohezi 28 (mitetemo 28,000 kwa sekunde), ina chupa yake ya maji, pedali ya mguu na ncha tano ndani ya boksi. Nimeitumia zaidi ya mwaka. Mashine naisifu bila kusita. Vifaa vya mkono vilivyouzwa pamoja nayo sivisifu hata kidogo, na nitaeleza sababu.

Kwanza maji, maana huku pwani ndiyo yanayoua skela. Maji hupita ndani ya kishikio na kutokea kwenye ncha. Kazi yake ni kuipoza na kusukuma uchafu. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya tundu la ncha, tundu linaziba. Dalili ya mwanzo si maji kukatika. Ule ukungu laini wa maji kwenye ncha unageuka matone. Ukiendelea hivyo jino linapata moto na kiini chake kinaweza kufa, huku wewe kwa nje unaona jino limetakata. Kuchemsha maji hakusaidii hapa: vijidudu vinakufa, chumvi inabaki. Tia maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa), na jioni endesha mashine nusu dakika kwa maji hayohayo, kisha mwaga chupa na uiache wazi ikauke.

Kwenye zile ncha tano utatumia mbili sana: G1 kwa ugaga wa juu ya fizi na P1, ambayo ni nyembamba, kwa chini ya fizi. E1 ni ya kazi ya mzizi kwa ndani, iache kwenye boksi. Kaza ncha kwa ufunguo wake mpaka usikie "tak". Ikilegea, mashine inalia lakini haikwangui, na wengi hukimbilia kuongeza nguvu. Shika kishikio kama kalamu, kwa wepesi, na utumie ubavu wa ncha, kamwe usichome jino kwa kichwa chake. Ukigandamiza, mtetemo unakufa. Usikae kwenye jino moja zaidi ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo; hama, kisha rudi. Ncha iliyoisha milimita 1 imepoteza kama robo ya uwezo wake, ikifika 2 ni nusu, na hapo itupwe. Ilinganishe na kadi ya vipimo kila mwezi, kwa macho peke yake huoni tofauti.

Vifaa vya mkono sasa. Muuzaji aliniambia vyote ni stenlesi. Baada ya miezi michache ya otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa moto), vidoti vya kutu vikajitokeza kwenye maungio ya mpini, na alama za milimita kwenye probu, kile kijiti cha kupimia kina cha chini ya fizi, zikafutika. Probu isiyosomeka haina kazi, kwa hiyo nunua nzuri peke yake. Kyureti, kikwangulio cha mkono cha chini ya fizi, ndiyo ya kuitolea pesa: ncha yake ni ya duara, inaingia chini ya fizi bila kuchana. Ile skela ya mkono yenye ncha kali kama mwiba ni ya juu ya fizi tu. Inole kwenye jiwe kabla haijawa butu, halafu ijaribu kwenye mwili wa kalamu ya plastiki: kali inang'ata, butu inateleza. Na usiloweke chuma chochote kwenye dawa ya klorini. Inakitoboa vitundu, na hewa yetu ya chumvi inamalizia.

Kazi inavyokwenda: mnyama alale usingizi kamili, mrija wa hewa wenye puto ndani ya koo, shashi nyuma ya mdomo (zihesabu, uzitoe zote), kichwa kiinamishwe kidogo. Kwa paka puto lijazwe kwa uangalifu, maana likizidi linaweza kupasua bomba la pumzi. Suuza kinywa kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.12 kabla ya kuwasha mashine, kwa sababu ukungu ule unarusha vijidudu hadi usoni kwako. Vaa barakoa na miwani. Hata kwenye joto la Mtwara, mnyama mdogo aliyeloa hupoa haraka. Mfunike taulo kavu na upime joto lake.

Angalia lile gego kubwa la juu la mbwa, upande wa shavu. Ugaga wa kahawia unabanduka kama gamba na jino linang'aa. Mwenye mbwa ataridhika hapo, lakini kazi ndiyo kwanza inaanza. Pitisha probu taratibu kuzunguka jino, sehemu nne hadi sita. Kwa mbwa hadi milimita 3 ni kawaida. Kwa paka isizidi 1. Ikizama 5, kyureti na P1 bado zinatosha. Zaidi ya hapo lazima ufungue fizi au ung'oe. Puliza hewa kwenye jino: ugaga uliosalia unageuka mweupe kama chaki. Malizia kwa kung'arisha, mizunguko isizidi 3,000 kwa dakika, kwani skela huacha mikwaruzo ambayo ukoga mpya (utando laini wa vijidudu) hushikamana nayo.

Ndiyo maana sikubali ombi la "msafishe tu akiwa macho". Mbwa aliye macho hakuruhusu kufika chini ya fizi, na ugonjwa unakaa hukohuko.

Kuhusu umeme, weka stabilaiza. Na siku ya kuagiza mashine agiza papo hapo G1 mbili, P1 mbili, ufunguo wa akiba na zile pete ndogo za mpira za kwenye maungio ya kishikio. Pete hizo huchakaa kwa joto la otoklevu, maji yakaanza kuvuja mkononi, na kuzisubiri zifike Mtwara kunaweza kukusimamisha kazi wiki kadhaa.