Kampuni ya seva iliyoniambia nitafute fundi

"Dada, haya mambo ya VLAN si ya kila mtu. Tafuta fundi akusaidie."

Hayo nimeambiwa kwenye simu na mtu wa huduma kwa wateja wa kampuni ya seva ninayoilipa kila mwezi. Fundi ni mimi! Mitandao ndiyo kazi inayonilisha, na VLAN ni mtandao tu uliotengwa kwa lebo ndani ya waya ule ule.

Nilihamisha seva zangu kutoka Ulaya nikazileta hapa Dar kwa sababu ya umbali. Mteja wa Kariakoo akibonyeza kitu, ombi lake lilikuwa linapita chini ya bahari kwenda na kurudi, zaidi ya milisekunde mia. Hapa nyumbani ni chache mno. Mashine yao ni nzuri na umeme haujawahi kunisumbua, hilo siwanyimi.

Shida ilianza nilipoomba fungu jipya la anwani za IP kwa ajili ya seva pepe, yaani seva za programu zinazoendeshwa ndani ya mashine moja. Anwani za ziada wanazileta kwa VLAN ya pembeni, siyo kwa njia kuu. Sawa. Anayeifanya kazi hii anaujua mtego wake: pakiti (kipande cha data) inaingia kwa VLAN, lakini jibu linafuata lango kuu, yaani njia ya kawaida ya kutokea, linafika huko na anwani ya chanzo isiyotambulika, linatupwa. Dawa yake ni kutengeneza jedwali la pili la njia lenye lango la VLAN, kisha kuweka sheria kwamba pakiti yoyote inayotoka na anwani za fungu lile ifuate jedwali hilo. Unalegeza pia rp_filter, mpangilio wa Linux wa kukagua pakiti zinazoingia, kutoka 1 kwenda 2, maana ikiwa 1 Linux inaitupa pakiti iliyoingia kwa mlango ambao yenyewe isingeutumia kurudisha jibu. Yote hayo niliyamaliza kabla sijamsumbua mtu.

Bado kimya. Nikawasha tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, kwenye kadi halisi ya mtandao, siyo kwenye kiolesura cha VLAN, nikaongeza -e ili lebo za VLAN zionekane. Nikapiga ping, ombi dogo la kupima kama mashine inajibu, kutoka kwenye simu yangu. Ombi likaingia, lebo ni ile waliyonipa. Mstari wa chini yake jibu likatoka: lebo ile ile, anwani ya chanzo sahihi, MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya lango lao sahihi. Ombi, jibu, ombi, jibu, skrini nzima. Kwenye simu halikufika hata moja.

Yaani majibu yanatoka kwangu mazima, yanafia kwao. Nikawatumia faili lote la tcpdump, nikaandika: angalieni kichujio cha anwani za chanzo kwenye rauta yenu, huenda fungu langu halimo. Kichujio hicho ni kitu kizuri, kinazuia watu kutuma pakiti kwa anwani za kughushi, na RFC 2827, waraka wa mapendekezo ya kiufundi ya intaneti, inawahimiza watoa huduma kukiweka tangu mwaka 2000. Lakini ukimkaribisha mgeni kwako, mtaje basi kwa mlinzi wa getini.

Jibu: "Ndugu mteja, upande wetu hauna tatizo. Kagua fayawoli yako." Tiketi ikafungwa. Nikaifungua, ikafungwa tena kwa maneno yale yale, nukta kwa nukta. Sidhani kama kuna aliyelifungua lile faili. Huku nyuma mteja wangu mwenye duka la dawa anaandika mauzo kwenye daftari na kunipigia kila baada ya muda. Ndipo nikapiga simu, ndipo nikaambiwa nitafute fundi.

Aliyeniokoa ni kijana wa zamu ya usiku. Akasema, "Pole dada, nipe anwani moja niitazame kwenye rauta." Akakaa kimya kidogo, akarudi: "Ni kweli, fungu halikuwemo kwenye orodha. Jaribu sasa." Majibu yakaanza kufika nikiwa bado naye kwenye simu. Hakubishana na hakunipa somo. Akaandika kwenye tiketi, kwa jina la kampuni, kwamba kosa lilikuwa kwenye rauta yao.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota moja. Kwa ajili yake nikasema nne, na nilimaanisha.

Kisha ikaja ankara. Mwezi mzima, pamoja na ada ya anwani kwa siku zote ambazo hazikufanya kazi. Nikaomba wapunguze. Wakanijibu kwamba hitilafu ilitokana na usanidi wa mteja! Maelezo ya mwenzao yako kwenye tiketi hiyo hiyo, juu kidogo tu ya jibu lao.

Sasa ni nyota mbili, na zote ni za yule kijana. Siwezi kuwaambia msiende, maana kwa kasi hapa mjini sijaona wa kuwashinda. Ila ukichukua anwani za ziada kwa VLAN, usilipe mpaka wakuandikie kwamba fungu lako limeingizwa kwenye kichujio, na hifadhi kila tcpdump. Mimi bado nipo kwao, kwa sasa. Nataka hela yangu ya siku zile, na nataka yule wa simu ya mchana aisome ile tiketi mpaka mwisho.