Corolla 110, injini mpya: 5A-FE tena au upande 4A-FE?

Kama 5A yako (5A-FE, injini iliyokuja na gari) imeanza kula oili na moshi wa bluu unatoka asubuhi, kuna njia mbili na zote zinaingia bila kukata chuma. Kurudishia 5A-FE ndo rahisi kabisa, cc 1498 zilezile, soketi za nozeli zilezile, fundi anabadilisha siku moja unaondoka.

4A-FE ni cc 1587, inakaa kwenye mauntini (vishikio vya injini) na gia boksi ileile na kwenye mlima unaisikia tofauti, ila hapa ndo watu wanapigwa jamani, kuna 4A za lean burn (zinazochoma mafuta kidogo kwa hewa nyingi) zilizotoka kwenye Carina, zile zina sensa yake ya moshi na kontrol boksi yake (kompyuta ya injini), ukiifunga na kompyuta ya 5A hesabu ya mafuta haikai sawa, sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inayumba na taa ya cheki injini haizimi. Kwahiyo ukichukua 4A dai kontrol boksi na waya zake zote, chomoa soketi moja moja uzilinganishe na zako kabla hujatoa hela.

Gari ya kazini mjini, mi ningerudisha 5A.