Makamanda wa Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki: Lettow-Vorbeck wa Wajerumani au Smuts wa Waingereza, nani mkali zaidi?

Kwa mbinu mimi nampa Lettow bila kusita, jamaa alikuwa na jeshi dogo, askari wengi waafrika, anapiga anapotea, akavuka hadi Msumbiji na akaja kusalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia) 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha kule Ulaya! Smuts alikuja 1916 na jeshi kubwa, kweli akachukua Moshi, Tanga na Dar mwaka huohuo, lakini Lettow mwenyewe hakumpata, Januari 1917 akaondoka. Ila kinachoniuma ni wapagazi, pande zote mbili walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa na magonjwa, na hata jina Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza.